Nyama Ziko Chini

Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu kitu cha moto hujitangaza. Chai ikiwa ya moto utaiona inafuka. Supu ya pweza ikiwa ya moto itakufunga ukungu kwenye miwani kabla hujashika kijiko. Kwa malezi hayo, asubuhi niliyokutana na mtori wa Moshi nilikwenda vitani mikono mitupu.

Ilikuwa mwezi wa 7, ule wakati Moshi nzima imevaa makoti na mlima unajificha mawinguni wiki nzima kama mtu anayedaiwa dukani. Mke wangu alikuwa amejifungua usiku ule, mtoto wetu wa kwanza. Mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Kibosho tangu jana yake na kulala hospitalini kwenye benchi, akiwa na kanga, rozari na hotpoti. Hotpoti yenyewe ni nyekundu, ina maua ya waridi ubavuni, ya zile ambazo kila nyumba inayo, au iliwahi kuiazima kwa jirani na haikuirudisha.

Alfajiri akaniita koridoni.

"Sikiliza, baba. Huyu mtoto wangu anahitaji mtori. Mimi siwezi kupanda Kibosho kupika nikarudi. Nenda mjini ukanunue. Uwe wa mshare. Wakikwambia wa ndizi nyingine, ondoka. Uwe na nyama ya mfupa. Pilipili usiitaje hata jina lake. Na hotpoti yangu irudi na mfuniko wake."

"Na mfuniko wake, mama," nikaitikia.

Kwa wasiojua: huku mtori ndiyo chakula cha mzazi. Zamani, mama mkwe husimulia, mzazi wa Kichaga alikaa ndani miezi mitatu, kazi yake kula na kunyonyesha, na mtori ndio ulioongoza msafara. Akishasimulia hivyo huwa ananitazama mimi, kana kwamba ni Tanga iliyofuta utaratibu huo.

Mgahawa niliouendea uko karibu na soko la Mbuyuni, kwenye uchochoro wa gereji. Hauna jina. Una meza tano zenye vitambaa vya plastiki, viti visivyofanana hata viwili, kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi na picha ya Rais. Nje kuna ubao ulioandikwa vyakula kumi kwa chaki. Nimekaa Moshi miaka miwili, kwa hiyo najua ubao ule ni wa kumbukumbu tu, lakini adabu inataka uulize.

"Kuna kiburu, dada?"

"Kimeisha, kaka."

"Machalari?"

"Bado."

Ilikuwa saa moja asubuhi. Chakula kimoja kimeisha na kingine bado. Sijawahi kufika mgahawani kwenye ile dakika iliyo katikati.

"Sasa kuna nini?"

"Mtori. Na makongoro, supu ya kwato."

Nikamkabidhi hotpoti, nikampa masharti yote ya mama mkwe, hadi lile la mfuniko. Akasema nisubiri, sufuria ndiyo kwanza linapondwa. Nikakaa. Na kwa kuwa mtu huwezi kukaa mgahawani unanukia nyama ukatazama kalenda tu, nikaagiza na langu bakuli.

Nyuma ya kaunta mama mwenye mgahawa alikuwa anamenya mshare za mchana, vidole vyeusi kwa utomvu licha ya mafuta aliyojipaka. Dada mwingine alikuwa na mwiko mrefu kama kasia. Ndizi huchemshwa na nyama ya mfupa mpaka zilegee, nyama inatolewa, ndizi zinapondwa humohumo sufuriani, mchuzi unarudishwa kidogokidogo hadi upate uzito wa uji mzito, kisha nyama nazo zinarudi. Zinazama zote. Ndiyo maana ukilalamika jambo linachelewa, mtu atakwambia, "Kunywa mtori, nyama ziko chini." Watu wanadhani ni maneno ya subira. Mimi niliyachukua kama ramani.

Bakuli likaja. Nililitazama nikaona limetulia. Mtori haufuki! Juu una ngozi nyepesi, kama ya maziwa yaliyokaa, na umenyamaza kabisa. Ni kama Kibo: juu barafu, watu wanapigia picha, kumbe kule kreta mvuke wa salfa bado unatoka.

Mezani kwangu alikaa mzee mmoja mwenye koti na kofia ya sufu, ana chai ya tangawizi na chapati ya jana. Akaniona nimeshika kijiko wima, kama mtu anayechimba kisima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kula pembeni, kijana. Zunguka na bakuli. Katikati bado."

Hapo ndipo ningepona. Lakini mgeni ana ugonjwa wake: hataki kuonekana mgeni.

"Nimeoa Kibosho, mzee," nikamwambia.

"Aa," akasema. "Basi sawa."

Nikazamisha kijiko katikati mpaka kikagonga bati, nikakipandisha na kipande cha nyama kizuri, kimejaa mtori pande zote, nikakiingiza mdomoni chote.

Sekunde ya kwanza hakikutokea kitu. Ndiyo hila yake. Sekunde ya pili macho yakaanza kuniona mimi kwa ndani. Jamani, supu ikikuunguza unaimeza, inateremka, mambo yanaishia tumboni. Mtori hauteremki. Mtori unapiga kambi. Ulijibandika kwenye kaakaa kama plasta kwenye ukuta mpya, na nilipojaribu kuubandua kwa ulimi, ulimi nao ukabaki hukohuko. Kutema siwezi: mbele yangu mzee, kushoto mwanafunzi na mama yake, ukutani Rais ananitazama. Nikabaki nimefungua mdomo nahema hah, hah, hah, kama mbwa wa saa nane mchana, na machozi yanashuka bila kuaga.

Nikashika kikombe cha kwanza nilichokiona, nikagugumia. Ilikuwa chai ya mzee.

Sasa moto ukawa na tangawizi.

Kwenye stuli kulikuwa na jagi la maji. Sikuuliza, nikalinyanyua na kunywa kwa mdomo wa jagi, glu, glu, glu, na nikiwa nimefika kama nusu nikaanza kuonja sabuni ya unga.

"Kaka!" dada akapiga kelele. "Hayo ya kunawa!"

Mgahawa mzima ukanyamaza. Mzee akachungulia kikombe chake kitupu. Akanitazama mimi. Akatazama tena kikombe.

"Na umeoa Kibosho," akasema.

Nikasimama kulipa. Bakuli langu, hotpoti, na chai ya mzee, ambayo niliiongeza kwa kumwonyesha dada kidole, kwa kuwa sauti ilikuwa imebaki moja tu, "eee." Juu ya kaunta zilipangwa hotpoti za wateja. Mafundi wa gereji hutuma zao asubuhi kama mimi, na moja ya hotpoti hizo ilikuwa nyekundu, ina maua ya waridi ubavuni. Nyingine pia ilikuwa nyekundu, ina maua ya waridi ubavuni.

"Yako ni hii?" dada akauliza.

"Eee."

"Au ile?"

"Eee."

Akanipa hii.

Nikapanda bodaboda. Njia nzima nilikaa nimeachama ili upepo wa Julai unipoze ulimi, na kijana wa boda, aliyekuwa ananiona kwenye kioo, akafikiri nacheka kwa furaha ya mtoto. Tulipofika akakataa nyongeza. "Hongera sana, braza," akasema. Nikasema eee.

Wodini kulikuwa na wazazi watano na mama zao. Mama mkwe alishanitangaza. Nilisikia tangu mlangoni: "Mkwe wangu ni wa Tanga, lakini mtori ameshaujua." Akanipokea hotpoti kwa mikono miwili, akaiweka kwenye kabati la kitanda, akatandika kitambaa, akapanga vikombe vitano vya wazazi wote, kwa sababu mtori wa kwanza hauliwi kwa uchoyo. Akafungua mfuniko.

Pilipili mbuzi ndiyo iliyotoka kwanza. Mama mkwe akapiga chafya. Kitanda cha pili kikapiga chafya. Ikapita kitanda hadi kitanda kama taarifa ya msiba, ikafika dirishani, ikarudi. Nesi akaingia, akapiga chafya, akatoka.

Mama mkwe hakukata tamaa. Alichukua upawa akakoroga, akitafuta mtori huko chini. Akainua kwato. Kwato nzima ya ng'ombe, inateleza, inang'aa. Akaitazama kwa muda.

"Hii nini, baba?"

"Thio yenyewe, mama."

"Nini?"

"Wamethanganya. Hothpothi thimethanganyika."

Akaweka upawa chini taratibu. "Mtoto ana saa nane duniani," akasema, "na wewe umeshapita kwenye mbege?"

"Thijanywa, mama! Nimeungua!"

Ningenyamaza hapo. Lakini nilikumbuka kwamba kwetu pwani mzazi hupewa uji wa pilipili manga, na nikaona labda huo ni utetezi. "Kwethu Thanga," nikaanza, kwa heshima zote, "mthathi hupewa pilipili."

"Mthathi ndiyo nani?"

Mke wangu alikuwa amejifunika kanga usoni, kitanda kinatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, ameshika tumbo kwa mikono miwili, ananiomba nifunge mdomo kwa ajili ya nyuzi. Nesi akarudi na barakoa na akasema mwenye kwato atoke nazo nje.

Nikatoka nazo.

Gereji sikuitafuta kwa shida. Mafundi walikuwa wamekaa juu ya matairi kuzunguka hotpoti nyekundu, wanalamba vijiko.

"Wewe ndiye mwenye mtori?" mkubwa wao akauliza.

"Thamahani thana..."

"Aisee, pole, shemeji. Tumeshakunywa wote. Hapa tunasubiri maziwa yatoke tu."

Chini ya Hiace moja ilitokeza miguu miwili, na sauti ikatoka huko: "Mimi mwenzenu msinitume tena. Nakaa ndani miezi mitatu."

Walicheka mpaka spana zikaanguka. Wakafungua hotpoti yao, wakahesabu kwato, zilikuwa mbili, wakaridhika. Yule mkubwa akanisindikiza mgahawani. Mama mwenye mgahawa alishasikia habari nzima, na akajaza mtori upya bila kuchukua senti. Mzee wa kofia ya sufu alikuwa bado amekaa. Aliponiona akavuta kikombe chake karibu na kifua.

"Sasa hotpoti ya nani hii?" fundi akauliza.

"Ya mama mkwe."

Akaiangalia. Kwenye waridi kulikuwa na alama tano za vidole vya grisi, safi kabisa, kama zile unazoweka ukienda kuchukua kitambulisho. Tukajaribu kuzifuta kwa kitambaa chake, zikawa kumi.

"Hapana, hapa usiende mikono mitupu," akasema. "Mpelekee isale."

Nilikuwa nimeyaona masale kwenye mipaka ya mashamba Kibosho, majani yale marefu, nikayachukulia kuwa ua tu. Fundi akanieleza huku akilikata moja nyuma ya gereji: ukimkosea mtu Uchagani, ukampelekea isale, kukusamehe inakuwa lazima. Nikamuuliza kama linafanya kazi hata kwa mtu wa Tanga. Akasema kwa grisi ile, tujaribu tu.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi. Nikampa isale kwanza, kwa mikono miwili, bila neno, maana maneno yangu yalikuwa hayasaidii. Alilitazama muda mrefu. Mdomo ukaanza kumcheza pembeni.

"Nani kakufundisha?"

"Mafundi wa geleji."

Akaliweka kwenye mkoba, katikati ya rozari na kadi ya kliniki. Kisha akapokea hotpoti, akaigeuza, akaona vidole. Nikashusha macho. Akachukua ncha ya kanga, akaitemea mate kidogo, akaanza kusugua waridi moja baada ya jingine, na alipomaliza akafungua mfuniko, akanusa, akatikisa kichwa kwamba sawa, ni mshare.

Mzazi akanywa. Wale wengine wanne wakanywa. Mimi nilibaki mlangoni, naona kikombe kinazunguka. Mwisho mama mkwe akachota kilichobaki, akakitia kwenye ule mfuniko, akaniletea.

"Yako hii, baba," akasema. "Nyama nimekuwekea juu."

Nikapokea, nikashukuru, nikaenda kuiweka dirishani.