Picha za kupamba ni amana, hata kwenye programu ya faili

Watu wakibishana kuhusu programu ya kusimamia faili kwenye Linux, mfumo wa kompyuta kama ilivyo Windows, wengi huanzia kwenye sura: ipi inapendeza, ipi nyepesi, ipi inafanana na Windows. Kwa sisi tunaotengeneza picha za harusi hapa Lamu, swali la kwanza ni jingine. Aliyesimama nyuma yangu dukani ataona nini?

Usiku wa kupamba, ule wa harusi anaotolewa bibi harusi akiwa amepambwa, ni wa wanawake peke yao. Mpiga picha ni mwanamke, na bibi harusi amekaa pale kwa raha zake akijua hakuna mwanamume wa kando atakayemwona vile. Kesho yake kadi ya kamera inafika kwangu Langoni, na kompyuta itakayoipokea ndiyo ile ile ya kuchapa fomu na kutolea kopi za vitambulisho. Ukiichomeka, programu nyingi hukufungulia folda huku kila faili imeshageuka picha ndogo. Aliyekuja kutoa kopi ameshaona.

Halafu kuna jambo ambalo wenye maduka wengi hawana habari nalo. Picha ndogo hizo huhifadhiwa kwenye folda iliyofichwa, .cache/thumbnails, ili siku nyingine zifunguke haraka. Kadi ikishachomolewa na kurudi kwa mwenyewe, zenyewe zaweza kuwa bado zimo kwenye mashine. Ni ndogo, lakini uso wa mtu unatambulika. Hili linaniuma kuliko yote, maana bibi harusi aliamini kwamba kazi yake imekwisha na picha zake anazo yeye.

Ndiyo maana nimeichagua Thunar, programu ya faili inayokuja na Xfce, moja ya mazingira ya kazi ya Linux. Kwenye mipangilio yake unaikataza kabisa isitoe picha ndogo, ikabaki na majina, ukubwa na tarehe. Haki isemwe, Nautilus ya GNOME na Dolphin ya KDE, programu za faili za mazingira mengine kama hayo, nazo zinakubali kuzimwa picha hizo. Lakini ukishazizima unaishi kwa majina, na majina ya kamera hayakwambii kitu. DSC_0412 ni nani? Kamera zikiwa mbili, huenda kila moja ina DSC_0412 yake, na ukizimwaga folda moja bila kuangalia, moja inaifuta nyenzake.

Hapo Thunar inanifaa kweli. Nachagua faili zote, nabonyeza F2, linafunguka dirisha lenye jina la zamani upande mmoja na jina jipya upande wa pili, nione kabla sijakubali. Inaweza hata kuchukua tarehe na saa ambayo picha ilipigwa na kuitia kwenye jina. Saa za kamera zikiwa zimelinganishwa, picha zinajipanga kama usiku ulivyokwenda, kuanzia wageni kuingia hadi bibi harusi kutolewa. Mbele ya hapo naweka namba ya risiti. Jina la bibi harusi siliandiki, wala la ukoo wake; mji wetu ni mdogo.

Waliokuwa wakiisifu Nemo, programu ya faili ya Linux Mint, kwa sababu ya kugawa dirisha pande mbili walikuwa na hoja. Thunar ilikuja kupata hilo kwenye toleo la 4.18, Desemba 2022. Sasa F3 inatosha: kadi kushoto, folda ya kazi kulia.

Kuna watakaosema huwezi kuchambua picha usizoziona. Ni kweli. Mimi huzichambua mlango ukishafungwa, kisha naifuta ile folda ya picha ndogo. Haidhuru kitu, Linux huijenga upya yenyewe.

La mwisho ni flashi za wateja. Ukifuta faili kwa Delete peke yake, mara nyingi haiondoki. Huhamia kwenye folda iliyofichwa ndani ya flashi hiyo hiyo, kwa kawaida .Trash-1000. Mteja ataichukua flashi aende nayo kwa mwingine, na picha za watu zimo ndani. Kabla hujamkabidhi, bonyeza Ctrl na H uione folda hiyo kama ipo, kisha uifute kwa Shift na Delete.