Kilo Moja ya Halua

Mwaka wa nne huu napanda ndege za shirika moja, Unguja na Pemba, mara mbili kwa mwezi. Sasa yakhe, wamenichosha. Hewani ni nusu saa tu, lakini Jumapili tumekaa kiwanja cha Chake masaa manne. Ujumbe wa kuomba radhi umeingia kwenye simu tumeshatua Unguja!

Na hilo dogo. Kwenye mizani begi langu likasoma kilo 16, mwisho wao 15. "Lipia au punguza," kijana kanikazia macho. Nikatoa halua ya Wete aliyonifungia mama mkwe, nikaipakata. Halua ikapanda ndege ileile, juu ya mapaja yangu, mafuta yananivujia kwenye kanzu. Huo uzito ulikwenda wapi?

Nihame? Wale wengine, jirani yangu aliwahama mwaka jana kwa kero hizihizi. Boti ya Mkoani ni rahisi, ila miye na mawimbi hatuivi chungu kimoja.

Jana nimekata tiketi ya mwezi ujao. Ndiyo, kwao tena. Nimebakisha safari mbili nipate ya bure.