Mazimwi wa China hawana haja ya kujitambulisha kwetu

Ne Zha 2, katuni ya Kichina kuhusu mtoto mwenye nguvu za ajabu aitwaye Nezha, nimeitazama mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa peke yangu, na kabla ya nusu saa nilishapotea: nani joka, nani mwalimu wa nani, na kwa nini vijana wawili wanapokezana mwili mmoja. Mara ya pili nilikuwa na mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja, ambaye majina hayakumsumbua hata kidogo. Katikati ya filamu alinishika mkono na kuuliza, "Mjomba, mbona wanaowaonea wenzao ndio watu wa mbinguni?"

Swali hilo ndilo filamu yenyewe, na alilifikia bila kusaidiwa na mtu.

Nalitaja kwa sababu lawama ninayokutana nayo mara nyingi kuhusu filamu hizi mpya za miungu na mazimwi kutoka China ni kwamba haziingiliki. Wanasema majina ni mengi, hadithi inaanzia katikati, na mtazamaji anachukuliwa kama mtu aliyekwisha kuzijua habari zote. Ushahidi wanaouleta ni hesabu. Filamu hiyo ilitoka Januari 29, 2025, sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, na ikaingiza zaidi ya yuan bilioni 15, yaani zaidi ya dola bilioni 2. Hakuna katuni iliyowahi kufika hapo. Lakini zaidi ya asilimia 95 ya fedha hizo zilitoka ndani ya China. Kwingineko ilipita kama mgeni wa siku moja. Hata ilipotiwa sauti za Kiingereza mwezi Agosti, Michelle Yeoh akiwa sauti ya mama yake Nezha, mambo hayakubadilika sana.

Hesabu hiyo nimeigeuza-geuza kwa muda mrefu. Mwanzoni niliisoma kama wanavyoisoma wengi: kazi kubwa isiyovuka mpaka wa nyumbani. Siku hizi naisoma tofauti. Mwongozaji wake, Jiaozi, aliacha taaluma ya famasia akaingia kwenye katuni, na alikuwa na watazamaji wa kutosha nyumbani wa kulipia kila picha. Hakulazimika kumkatia hadithi mtu wa Chicago, wala mimi. Filamu inayotegemea dunia nzima ili irudishe gharama hujikuta inaeleza kila kitu, na dakika za kueleza ni dakika zilizotolewa kwenye hadithi. Bibi alipotupigia "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!", hakuanza kutufafanulia Sungura ni nani. Tulimjua. Tulichongoja ni safari hii atafanya nini.

Na Nezha safari hii amefanya jambo zito. Katika masimulizi ya zamani, yaliyokusanywa kwenye riwaya ya karne ya 16 iitwayo Fengshen Yanyi, mtoto huyu anamuua mwana wa Mfalme Joka, kisha anajiua ili kuwarudishia wazazi nyama na mifupa waliyompa. Studio ya katuni ya Shanghai ilitengeneza filamu ya kisa hicho mwaka 1979, na mtoto anajikata shingo kwenye mvua huku baba amesimama anatazama. Vizazi vya Wachina vimekua na picha hiyo kichwani. Jiaozi alipoishika hadithi mwaka 2019, katika filamu ya kwanza ya Nezha, aliigeuza pale penye maumivu hasa: baba, Li Jing, anaomba kwa siri afe yeye badala ya mwanawe, na mwana wa joka aliyepaswa kuuawa anakuwa rafiki pekee wa Nezha. Usipoijua ile ya zamani, unaona baba mwema. Ukiijua, unaona mtu akikarabati kosa lililokaa miaka mia nne. Mgeni anakosa kitu hapo, ni kweli. Ila hakosi vyote.

Hakosi, kwa mfano, tukio la chungu. Miungu wamewafungia watu ndani ya chungu kikubwa cha kuwayeyushia mazimwi, wakageuzwe vidonge vya kurefusha maisha ya wakubwa. Nezha ana laana inayotoa miiba mwili mzima. Mama yake, Bi Yin, anamsogelea ili amkumbatie. Mtoto anarudi nyuma, anamsihi asije. Mama anakuja. Miiba inaingia, na yeye anazidi kukaza mikono, akimwambia kwamba hakuwahi kujali kama yeye ni mungu au zimwi. Mpwa wangu alilia kwa sauti. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza na yalipita haraka mno kwake, hakuyasoma.

Kuna pia wanyama wadogo wa mashimoni, wanaohesabiwa kuwa mazimwi na mbingu, ambao tunawakuta wakinywa uji wa maboga. Wanaijiwa na kukamatwa, huku bakuli zikiwa bado mkononi. Tukio limetengenezwa lichekeshe, na linachekesha. Baadaye, ukishajua chungu kile ni cha nini, kicheko kinakukwama. Katika ngano nilizokulia, zimwi lilikuwa zimwi tu. Sikuwahi kusikia limekaa jikoni likinywa uji.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya maana ya filamu hizi, nayo haiko kwenye Nezha peke yake. Kiangazi cha 2025 studio ileile ya Shanghai ilitoa katuni iitwayo kwa Kiingereza Nobody, iliyochorwa bila pande tatu, kwa mtindo wa michoro ya wino. Inachukua Safari ya Magharibi, riwaya ya kale ya Kichina kuhusu mtawa anayesafiri na wafuasi wake kufuata vitabu vitakatifu, na kuiacha pembeni. Wahusika wake ni mazimwi wanne wa ngazi ya chini kabisa, nguruwe, chura, kicheche na sokwe, wanaojifanya ndio msafara wa mtawa mtakatifu kwa sababu wamechoka kutumwa. Mwishoni wanaingia vitani kuokoa watoto, na gharama yake ni nguvu zao zote: wanarudi kuwa wanyama wa kawaida wa porini. Iliingiza zaidi ya yuan bilioni 1.7. Sidhani wengi wa walionunua tiketi walikwenda kuona vita. Yeyote aliyewahi kuwa wa mwisho kazini anamjua yule nguruwe.

Sasa upande wa pili, maana una haki yake. Filamu hizi zina kelele. Ne Zha 2 ina saa mbili na dakika ishirini na nne, na vita vya mwisho vinamchosha hata anayeipenda. Utani wake wa mkojo na matapishi ungepunguzwa nusu, wala nisingeulilia. Bi Yin, mwanamke shujaa, mwisho wake ni kufa ili mwanawe ainuke, na hilo ni deni ambalo filamu haikulilipa. Kubwa zaidi, kisima cha hadithi za kale ni kilekile: Fengshen Yanyi, Safari ya Magharibi, Nyoka Mweupe. Mwongozaji Wuershan alipiga picha za sehemu tatu za Creation of the Gods, filamu za waigizaji zinazotokana na Fengshen Yanyi, kwa mpigo mmoja. Ya kwanza, mwaka 2023, ilipata takriban yuan bilioni 2.6; ya pili, iliyotoka siku moja na Ne Zha 2, haikufika nusu ya hapo. Kujua hadithi hakumfanyi mtu aipende tena na tena.

Lakini anayesema filamu hizi hazituhusu kwa sababu hazikutengenezewa sisi, namkumbusha banda la video. Filamu za Hong Kong nazo hazikutengenezewa sisi. Alikuwepo mtu mwenye maikrofoni aliyetafsiri filamu, Lufufu kwa Dar es Salaam, DJ Afro kwa Kenya, akituingiza ndani kwa Kiswahili chetu, akiongeza chumvi palipopooza. Mwaka 2011 TBC, televisheni ya taifa ya Tanzania, ilipoonyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa sauti za Kiswahili, watu waliwafuata wale wakwe kama majirani zao.

Ningependa kusikia mtu wa namna hiyo akifika kwenye kile chungu. Pale mama anapopiga hatua ya kwanza kuelekea miiba, nina hakika angeshusha maikrofoni.