Natafuta Kichwa

Nina ugonjwa mmoja: nikiona makaburi ya kale, lazima niingie. Nasoma majina, kisha nawatungia marehemu maisha. Huyu alikuwa mlevi, yule aliogopwa na mkewe. Ila wale waliozikwa mfululizo mwishoni mwa 1918 siwatungii kitu. Mafua ya wakati ule yalizoa vijana wenye nguvu zao, na hapo hata domo langu hufunga.

Jioni hiyo nikaikuta nguzo ya marumaru, nzuri kweli, ila imekatika katikati. Mvua za miaka zilikuwa zimeshalamba maandishi. Nikawasha tochi ya simu nikamulika kutoka ubavuni, maana mwanga wa pembeni hutia kivuli kwenye michongo na herufi zikajitokeza. Miaka 24, maskini. Hadithi ikaja yenyewe: warithi mabahili waliagiza nguzo nzima, wakalipa nusu, fundi naye akawakomoa. Au imeanguka tu? Sasa kama imeanguka, kipande cha juu kiko wapi?

Nikaingia kichakani kwa magoti, simu nimeing'ata mdomoni inawaka.

"Nani huko?"

Alikuwa bibi kizee, kashika maua na mkongojo. Nikatoa simu mdomoni, nikachomoza uso uliojaa utando wa buibui, nikaamkia kwa adabu zangu zote.

"Shikamoo, bibi. Natafuta kichwa cha huyu marehemu. Kiwiliwili kipo, kichwa ndicho sikioni."

Marahaba sikuipata. Maua yakaanguka, mkongojo ukafuata, na bibi akaondoka kwa mwendo ambao mimi sijawahi kuumudu.

Punde akatokea mtunza makaburi na reki yake, kaishika kama mkuki. Nikajieleza. Akanitazama weee, kisha akashusha pumzi.

"Ndugu yangu, hiyo haikuvunjika. Ilichongwa hivyo hivyo. Ni alama ya aliyekatwa kabla ya umri wake."

"Aa."

"Na hicho ulichokikumbatia?"

Nikakitazama. Kilikuwa kipande cha jiwe chenye bawa la malaika.

"Cha kaburi la jirani hicho. Kirudishe."

Nikakirudisha, nikaokota maua na mkongojo, nikaelekea getini kuomba radhi. Hakukuwa na mtu. Nikaita, "Bibi! Bibi!"

Sauti ikatoka nyuma ya ukuta, ndogo, inatetemeka:

"Umekipata?"