Mchicha wa Mwezini si Mzaha

Juzi kwenye maonyesho ya sayansi ya shule hapa Mombasa, mpwa wangu na wenzake walikuwa na meza ndogo pembeni. Chupa za plastiki zimekatwa, zimejazwa makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, mchicha umeota ndani, na uzi wa pamba unavuta maji kutoka chini hadi kwenye mizizi. Wakaiita shamba la anga za juu. Jaji mmoja akasoma kichwa cha habari, akacheka, akawauliza mwezini watakwenda lini, kisha akawaambia watu wa Pwani wana kiu na njaa, mambo ya Wazungu wayaache. Watoto wakanyamaza. Mimi siwezi kunyamaza.

Angeuliza tu, kwa nini uzi? Ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kinachoizunguka dunia, vitu huelea na maji hayashuki. Ukinywesha mmea, maji yanaivaa mizizi pande zote, hewa haipenyi, mizizi inaoza. Mwishoni mwa 2015 maua ya zinia yaliyopandwa humo yalilowa kupita kiasi, kuvu ikaingia. Feni ikaongezwa kasi, yakaanza kukauka. Mwanaanga Scott Kelly akaomba aachiwe ayaangalie mwenyewe, ayanyweshe yanapohitaji badala ya kufuata ratiba iliyopangwa duniani. Januari 2016 yakachanua. Maji kiasi gani, yafike vipi, hewa ipite wapi: watoto wale walikuwa wakihangaika na maswali hayo hayo, katika mji ambao maji matamu yanaletwa kwa mkokoteni na kila mtungi unalipiwa.

Na kuna hili la chumvi. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walitangaza kwamba wameotesha arabidopsisi, mmea mdogo wa ukoo mmoja na sukumawiki, katika udongo halisi wa mwezini ulioletwa na safari za Apollo 11, 12 na 17. Udongo wote gramu 12, gramu moja kwa kila mmea. Mbegu ziliota. Kisha mimea ikadumaa, mizizi ikavia, mingine ikaiva wekundu wa kukolea. Walipochunguza jeni wakakuta mmea unapambana kama unavyopambana ukipandwa penye chumvi na metali.

Nani Mombasa haijui chumvi? Nendeni uani kwa jirani yangu Kisauni, anayenywesha bustani yake maji ya kisima. Juu ya udongo kumetanda utando mweupe, kingo za majani ya mchicha zimeungua kahawia, shina halipiti kiganja. Mama huyo ameshabadilisha mbegu, mbolea, hata upande wa jua. Utafiti unaoeleza namna mmea unavyojihami dhidi ya udongo mbaya unamhusu yeye kabla ya kumhusu mwanaanga yeyote.

Eti mambo ya Wazungu! Novemba 2022 mbegu za mtama, nafaka ya bibi zetu, zilipelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu na mashirika ya Umoja wa Mataifa ili kutafuta mimea itakayostahimili hali ya hewa inayobadilika. Na tusisahau Ngomeni, hapa hapa Pwani karibu na Malindi: satelaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, hapo baharini, tarehe 12 Desemba 1970.

Haya, nakubali kwa shingo upande: safari za anga zinakula fedha nyingi mno, na saladi iliyooteshwa huko angani, waliyoionja wanaanga mwaka 2015, haikumshibisha mtu. Lakini chupa za watoto wale zilikuwa za kuokota na makumbi yalikuwa ya bure. Hakuna mwenye njaa aliyenyang'anywa chochote.

Kwa hiyo nawaomba wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, na wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa: waiteni watoto hawa Jumamosi moja. Wapeni kipimo cha chumvi na maji ya visima vya Kisauni, Likoni na Mji wa Kale. Wapande mchicha, kunde na mtama, waone upi unastahimili, na kwa kiasi gani. Mkiwa tayari niandikieni. Makumbi na chupa tutaleta wenyewe.