Ganda la komamanga baada ya dozi

Lamu, mtu akimaliza dozi ya antibiotiki na tumbo likaanza kumwendesha, hakosi mama mkubwa wa kumchemshia ganda la komamanga. Daktari akisikia, hucheka. Kicheko hicho kina haraka.

Mwaka 2018 watafiti wa Denmark waliwapa wanaume 12 wenye afya antibiotiki tatu kali kwa siku 4. Baada ya mwezi na nusu bakteria wa matumboni mwao walikuwa wamekaribia kurudi kama zamani, na wengi huishia kusoma hapo. Lakini aina 9, ambazo wote 12 walikuwa nazo kabla ya dawa, kwa walio wengi hazikuonekana tena hata siku ya 180. Siku 4 tu, na hao hawakuwa hata wagonjwa! Sisi tuna watu wanaonunua vidonge dukani kwa kila mafua, ambayo antibiotiki haiyatibu kabisa.

Basi wameze vidonge vya bakteria wazuri? Mwaka huohuo, utafiti wa Israel ulionyesha kwamba waliopewa vidonge hivyo baada ya antibiotiki walichelewa kurudisha bakteria wao wenyewe kuliko walioachwa bila kitu. Mgeni alikalia nafasi ya mwenyeji. Ndiyo maana naona akili katika kuwalisha waliosalia. Nyuzinyuzi za mbaazi na kunde, bakteria huzichachua zikawa butireti, chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Komamanga nalo lina kemikali iitwayo punikalajini, ambayo bakteria huigeuza hatua kwa hatua kuwa kemikali nyingine, urolithini. Kwa panya, urolithini A imekaza viungio vya seli za ukuta huo.

Kwa panya, naam. Tena si kila mtu ana bakteria wa kuigeuza punikalajini, na huenda dozi ndiyo iliyowaua. Hoja hiyo ni nzito, siikwepi. Gome la mizizi ya mkomamanga ni jambo jingine kabisa: lilikuwa dawa ya minyoo, na likizidi ni sumu. Na anayeharisha damu au mwenye homa aende hospitali, asingoje sufuria ichemke.

Ila anayetoka kliniki na bahasha ya vidonge huambiwa saa za kumeza tu. Hakuna anayemuuliza tumbo likishatulia atakula nini, na mbaazi za nazi zinauzwa kila asubuhi.