Eneo lililofichwa kwenye diski: programu ya ukaguzi iishie wapi?

Programu za kufuatilia afya ya diski hulaumiwa kwa jambo moja mara kwa mara: zinagundua kwamba diski ina eneo lililofichwa, yaani sehemu ya mwisho ambayo diski haiihesabu inapoulizwa ukubwa wake, zinalitaja kwa mstari mmoja, kisha zinakagua sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) zinazoonekana tu na kuandika "afya asilimia 100". Mlalamikaji anauliza, diski ambayo haijasomwa yote inapewaje alama zote?

Swali ni la haki. Picha ya urejeshaji, yaani nakala ya kurudishia mfumo wa kompyuta, iliyowekwa katika eneo hilo inaweza kukaa miaka bila kuguswa, na sekta mbovu kwa kawaida hugundulika pale tu inaposomwa. Kipimo namba 197 cha SMART (mfumo wa diski wa kujipima), kinachohesabu sekta zinazoshukiwa kuwa mbovu, kinaweza kusoma sifuri huku picha hiyo imeshaharibika.

Hata hivyo, wanaodai programu ifungue eneo hilo yenyewe hawajatazama ufunguzi wenyewe unafanya nini. HPA (Host Protected Area), aina ya eneo hilo iliyoingia na kiwango cha amri za diski cha ATA-4, haina ukuta. Ni namba tu. Amri ya IDENTIFY DEVICE hurudisha ukubwa uliopunguzwa, READ NATIVE MAX ADDRESS hurudisha ukubwa halisi. Kulinganisha majibu hayo mawili hakudhuru chochote. Kusoma ng'ambo ya mpaka ni habari nyingine: lazima amri ya SET MAX ADDRESS itumwe, na hapo mwisho wa diski unahama.

Chukua diski ya terabaiti 1 yenye sekta 1,953,525,168. Baadhi ya mbao mama za Gigabyte zilikuwa zikikata sekta 2,113 za mwisho ili kuhifadhi nakala ya BIOS (programu ya kuwashia kompyuta), zikabaki 1,953,523,055. Kilichopotea ni kama megabaiti 1, lakini mwisho wa diski ndipo vitu nyeti vinapokaa. Kichwa cha nakala ya pili ya GPT, jedwali la patisheni (migawanyo ya diski), kiko kwenye sekta ya mwisho kabisa. Taarifa za RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) za mdadm, programu ya RAID ya Linux, kwa matoleo 0.90 na 1.0 ya muundo wa taarifa hizo, nazo hutafutwa kwa kuhesabu kutoka mwishoni. Kama RAID iliundwa kabla ya mkato, baada yake taarifa hizo hazionekani tena. Kama iliundwa mkato ukiwepo, basi ni kuuondoa ndiko kutakakozipoteza, kwa sababu zitatafutwa mahali ambapo hazikuwahi kuandikwa. Programu iliyokuja kupima joto na sekta mbovu haina njia ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Hata keneli (kiini) ya Linux huacha mpaka wa BIOS kama ulivyo, isipokuwa jedwali la patisheni lenyewe linauvuka.

DCO (Device Configuration Overlay), njia nyingine ya kuficha sehemu ya diski, ni nzito zaidi, maana hupunguza hata lile jibu la READ NATIVE MAX. Kuiondoa hurudisha mipangilio ya kiwandani, siyo ukubwa peke yake, na amri hiyo hukataliwa HPA ikiwa bado ipo.

Anayetaka kusoma eneo la HPA afanye hivyo kwa makusudi. Diski asiiweke kwenye RAID wala asifungue patisheni yake yoyote. Awashe mfumo wa Linux kutoka kwenye flashi, akiongeza libata.ignore_hpa=1 kwenye mstari wa keneli; ufunguzi huo ni wa muda. Kwa diski ya mfano wetu, ikiwa Linux inaiita sdb:

badblocks -sv -b 512 /dev/sdb 1953525167 1953523055

Sekta ya mwisho hutangulia ya kwanza, na bila -w au -n amri hiyo inasoma tu. Kisha azime umeme kabisa.

Lawama ninayoiunga mkono ni nyingine. Vifaa vingi vya kuunganishia diski kwa USB havipitishi amri hizi, na kiwango kipya zaidi cha amri za diski, ACS-3, kiliziondoa HPA na DCO kikaleta utaratibu mwingine, kwa hiyo diski mpya inaweza kukataa swali la zamani. Hdparm, programu ya Linux ya kutuma amri hizi kwa diski, wakati mwingine hutoa namba isiyowezekana na kuandika "HPA setting seems invalid". Ujumbe huo unakera, lakini ni mkweli kuliko programu inayokosa jibu ikaandika "hakuna eneo lililofichwa". Iandike kwamba diski haikujibu, na iweke namba zote mbili za sekta pale zinapopatikana.